Jina la Mama Yake Stathis

Saa kumi alasiri Foteini alikuwa anakatakata mchicha wa kujazia mkate, mama mkwe wake, aliyefariki miaka miwili iliyopita, akaingia, akajifuta miguu mlangoni na kukaa kwenye kiti cha karibu na jiko la kuni.

"Chumvi umetia?"

"Nimetia, mama."

"Ongeza."

Ilikuwa hivyo kila siku. Huku kwetu milimani Ipiro marehemu hurudi nyumbani akasubiri mpaka mjukuu abatizwe kwa jina lake. Jina likishatajwa kanisani, anasimama, anaaga, anakwenda zake. Wanaume hawakai sana. Mzee Kostas, baba yake Stathis mume wa Foteini, alikaa wiki mbili tu. Mtoto wa kaka yake Stathis akabatizwa Kostas, mzee akaondoka hata kahawa hakumaliza. Kostas ni jina ambalo halijawahi kupitwa na wakati.

Shida ni wanawake. Mama yake Stathis alikuwa Smaragda, yaani zumaridi, lile jiwe la kijani. Zamani kila nyumba ilikuwa na Smaragda wake. Halafu miaka ya themanini watu wakahamia Athene, wakaona jina linanuka mbuzi, watoto wakaanza kuitwa Vanessa na Jessika. Kwa hiyo kijijini kulikuwa na marehemu wanne wa jina hilo, kila mmoja na jiko lake, wanasubiri.

Na anayesubiri hupungua. Mama yake Stathis alirudi na urefu wake wote, lakini sasa akikaa miguu inaning'inia. Baridi ya tatu ikimkuta bila jina anaishia hapohapo kitini, na huko walikokwenda wenzake hafiki.

Foteini alikuwa na binti wa miezi minane, hajabatizwa, wanamwita Beba tu, yaani mtoto mchanga. Stathis alikuwa anambembeleza tangu mimba.

"Smaragda? Shuleni watamlilia mee-mee, Stathis. Sitaki mwanangu achekwe."

"Mama anaisha."

"Namwona. Si mimi ninayemwekea mito?"

Basi mwezi wa tano mtangazaji mmoja wa televisheni akajifungua, akamwita mtoto Smaragda. Jamani! Kufika Julai, Athene nzima ilikuwa inasukuma akina Smaragda kwenye vigari. Despina, binamu yake Foteini, akapiga simu toka huko.

"We Foteini, una jina la ukoo kabisa limekaa jikoni kwako na hulitumii? Wenzio huku wanagombania!"

Foteini alifikiria muda wa kuanika kamba moja ya nguo, akakubali.

Ubatizo ukawa Jumapili ya kwanza ya Septemba. Stathis alimbeba mama yake mkononi, kwa sababu sasa alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka minne, akamkalisha mbele. Padri Lefteris akamzamisha mtoto mara tatu, akatamka wazi: Smaragda. Mtoto akalia. Kanisa zima likamgeukia marehemu, tunangoja asimame.

Hakusimama. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe ya jirani.

"Jina zuri," alimnong'oneza mwanawe. "La nani?"

"Lako, mama."

"Hebu usinitanie."

Padri akarudia, ingawa haruhusiwi. "Smaragda!"

Marehemu akageuka nyuma kuangalia anayeitwa.

Bibi Vangelio, jirani yake wa miaka tisini na moja, akasema kwa sauti bila kuinuka: "Mnahangaika bure. Tangu aolewe akiwa na miaka kumi na saba nani alimwita hivyo? Hata mimi sikumwita. Huyu ni Kostaina."

Ni kweli. Huku ukiolewa na Kostas unakuwa Kostaina, na msalaba wa kaburi lake uliandikwa hivyohivyo.

"Na kwao, alipokuwa msichana?" Stathis akauliza.

"Kwao alikuwa 'wee, lete maji'."

Stathis akamgeukia mama yake, akasema polepole: "Kostaina."

"Abee!" Marehemu akaruka wima papo hapo, akaanza kuangaza macho kutafuta chombo cha kuchemshia kahawa.

"Basi mbatize mtoto Kostaina," Stathis akamwambia padri.

"Hilo si jina, Stathis. Hiyo ni anwani."

Tukaenda kula. Nyama ya kondoo ilikuwa laini sana.

Kuanzia hapo Stathis akawa anamfundisha kila alasiri. Mama yake alikuwa anatamka vizuri tu, Sma-rag-da, lakini akiitwa haitiki. Desemba alikuwa anaenea kwenye kikombe cha kahawa. Februari Foteini akainua mto, akakuta hakuna kitu. Akaukung'uta vumbi, akaurudisha. Stathis alikaa nje na koti begani mpaka akaitwa kula.

Wale marehemu watatu wengine nao waliisha msimu uleule, kila mmoja jikoni kwake, na kila mmoja mjukuu wake alikuwa ameshabatizwa Smaragda.

Mwaka huu watoto wameanza chekechea, Smaragda wanne darasa moja. Mwalimu ndiyo kwanza ametoka chuo, na wiki ya kwanza alikuwa akiita mmoja wanakuja wote. Sasa amepata njia: Smaragda wa Stathis, Smaragda wa Thanasis, Smaragda wa Pavlos, Smaragda wa Mihalis. Ni ndefu, kwa hiyo anafupisha.

"Wa Stathis! Njoo unawe mikono."

Na mtoto anaitika vizuri sana, mara ya kwanza tu, anakuja mbio.