Lenzi ya Tonton Lukumani

Tak.

Kifuniko kidogo cha plastiki kilifunguka gizani. Niliitambua sauti ile: ni chupa ya mafuta ya Leila, yale yenye harufu ya waridi. Umeme ulikuwa umekatika, jua lilikuwa bado halijatoka, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naoga haraka-haraka.

"Leila, unafanya nini kule ndani?"

"Ninapaka mafuta, mama."

"Bon. Paka muzuri. Leo iko siku ya picha."

Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha. Kwetu mtaani Kabondo mtoto hasimami mbele ya kamera na ngozi kavu. Watu wataitazama ile picha na kuuliza kama ana mama. "Kila kitu ya picha inapashwa kung'aa," humwambia nikimsugua mashavu, naye hufumba macho na kucheka.

Siku hiyo binamu yangu Nadège alikuwa anaolewa, na mpiga picha nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza masomo yangu ya jioni ya upigaji picha, na tayari nilikuwa naliona jina langu limeandikwa kwa rangi juu ya mlango wa studio ndogo. Kamera ilikuwa yangu. Lenzi, ile tunayoiita objectif, ilikuwa ya Tonton Lukumani, kaka wa mama yangu, ambaye aliwapiga picha maharusi wa mtaa wetu mpaka macho yake yakaingia ukungu. Aliponikabidhi aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokezana mtoto mchanga.

"Macho yangu yamebakia ni hii objectif," aliniambia. "Uichunge."

Nilikuwa nimeiacha juu ya kitanda bila kifuniko chake cha nyuma, tayari kwa kazi. Nilipotoka kuoga niliipapasa gizani na kuifunga kwenye kamera kwa mazoea ya vidole. Kioo cha mbele nilikifuta vizuri kulipopambazuka. Cha nyuma sikukifikiria hata kidogo.

Arusini, kwenye kile kioo kidogo cha kamera na jua kali kichwani, kila picha ilionekana safi. Kisha nikazifungua kwenye kompyuta. Nadège alikuwa kama amesimama nyuma ya mvuke. Taa zote zilikuwa zimeota ndevu. Uso wa mama yake, aliyelia vizuri sana siku ile, haukuwa na machozi wala macho.

Jumapili familia zote mbili zilikutana kwa wakwe kuziangalia. Tonton Lukumani pia alikuja, na kofia yake nyeupe, ameletwa na toleka, teksi ya baiskeli, kwa sababu pikipiki humtikisa mgongo. Simu niliyozitia picha ilizunguka mkono kwa mkono mpaka ikafika kwa Mama Philomène, mama wa bwana arusi.

"Eh! Hii iko ndoa, ao tulikuwa tunapika fufu?" akasema. "Mama Leila, unionyeshe mutoto wangu. Iko huyu, ao ni ile moshi?"

Watu wakacheka. Nadège hakucheka. Alikuwa anaifuta simu kwa ncha ya kikwembe chake, anaifuta tena, kana kwamba uchafu uko pale juu.

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilisimama.

"Haiko mimi," nikasema. "Ni objectif. Imezeeka."

"Objectif nayo inazeeka?" akauliza Mama Philomène.

"Inazeeka! Tulifundishwa ku masomo. Kwa hii hewa yetu ya mtoni, kuvu inaingia ndani ya vioo. Na ile gundi yenye inashika vioo pamoja inabadilika rangi. Donc picha inakufa polepole."

Yote hayo ni kweli, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini juma moja kabla ya arusi nilikuwa nimempiga Leila kwa lenzi ileile, na kope zake ungeweza kuzihesabu. Kuvu haijai kioo kwa juma moja. Hilo nalo nilikuwa nalijua, na nikalimeza.

Macho yote yakamgeukia Tonton.

"Papa," akasema mmoja wa wajomba wa bwana arusi, "kitu ya zamani hivi mulimupa ya nini?"

Tonton alinyoosha mkono, nikaitoa lenzi kwenye kamera na kumpa. Aliielekeza kwenye mwanga, ingawa haoni kitu. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya kioo cha nyuma, taratibu. Kidole kikateleza. Akakisimamisha. Akakileta puani.

Waridi.

Uso wake ukageuka upande wa Leila, aliyekuwa amekaa miguuni pangu na mashavu yanayong'aa. Nikaona kidole gumba cha Tonton nacho kinang'aa. Nikaelewa yote, pale pale, mbele ya watu wote.

"Ni kweli," Tonton akasema. Akaivua kofia yake. "Imezeeka, sawa mimi mwenyewe. Kosa iko yangu. Nadège, mwanangu, unisamehe. Wakwe, munisamehe."

Mzee ambaye maharusi wa Kabondo walikuwa wakimngoja mpaka amalize kula ndipo wapigwe picha, sasa kichwa chake kilikuwa wazi mbele ya wakwe. Nilifungua mdomo. Nikaufikiria ule mlango na rangi yake. Nikaufunga mdomo.

Mama Philomène aliguna. "Bon, basi hata vioo vinazeeka."

Leila alisimama, akajishikiza kwenye goti la Tonton ili asianguke, akatutazama sote, mmoja baada ya mwingine.

"Ni mimi nilipakaka ile kioo mafuta," akasema.