Mahema Yaliyoshonwa Garsen

Gumato alikuwa akiivuta shazia kwa meno, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshakataa. Turubai la jeshi halina huruma. Sindano huingia kwa kusukumwa na hutoka kwa kung'olewa.

"Mama, pumzika kidogo," Muna, bintiye, alisema kutoka ndani ya hema. Alikuwa amelala na mtoto wake mchanga. Arubaini yake ilikuwa haijaisha, na hakutakiwa kutoka nje.

"Nikipumzika watanikuta nusu. Lala, wewe."

Kotile, naibu wa chifu, alikuwa amepita kambini Ijumaa baada ya swala. Wenye mahema wanakuja kukagua, alisema. Kila mtu ashone lake, liwe kama jipya. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemuuliza. Tangu mto uwafurushe kutoka Golbanti na kuwatupa hapa juu, kando ya barabara ya Garsen, watu walikuwa wamejifunza jambo moja: mkaguzi akikuta kwako pameharibika, atasema huthamini msaada, na jina lako halitasomwa chakula kikija. Kwa hiyo walishona.

Gumato alishona kuliko wote. Kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye hukata fito, husuka mikeka, huinua na kufunga. Nyumba yake ilikwenda na maji, na hili hema, lenye namba za jeshi zilizofifia ubavuni na matundu ya panya kila pembe, alikuwa amelipokea kama nyumba nyingine yoyote aliyopata kuwa nayo. Alifumua uzi wa nailoni kwenye magunia ya mchele. Akatia viraka. Kila mshono akaupaka mafuta ya mkia wa kondoo ili maji yasipenye.

Jirani yake Darmi hakushona kitu. Hema lake lilikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi, na mbuzi walikuwa wakikipitisha kweli.

"Hiyo ni televisheni yangu," Darmi alisema. "Naona barabara yote mpaka stendi. Wewe shona tu, Mama Muna. Huenda mkaguzi akaja na posa."

"Akija na posa nitamwonyesha wewe, umwonyeshe televisheni."

Walikuwa bado wanacheka lori lilipoingia. Kotile alishuka kwanza, kisha Tahir, kijana wa kampuni yenye mahema, miwani nyeusi, kopo la rangi mkononi. Nyuma walikaa vibarua.

Tahir alilizunguka hema la Gumato mara mbili. Akachukua mtungi, akamwaga maji juu ya mshono, akainama kuchungulia ndani. Halikudondoka tone.

"Mathe, hii umeshona wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Aisee. Hata kiwandani hawashoni hivi."

Akapiga alama nyeupe mlangoni. Gumato akaona moyo wake umetulia. Mgeni aliyeisifu nyumba hapiti hivi hivi; alimkaribisha kwenye kivuli cha hema, akampa chai ya maziwa, na Tahir akainywa yote, akashukuru kwa adabu. Hema la Darmi alilitazama kwa mbali, akatikisa kichwa, akapita bila kutia alama. Gumato alimwonea jirani yake huruma.

Kisha vibarua wakaanza kung'oa vigingi. Vya Gumato.

"Nyinyi! Mnafanya nini? Ndani mna mzazi!"

Tahir aliweka kikombe chini taratibu. "Mathe, si mimi. Haya mahema jeshi letu liliyatoa kwa mnada, bosi akayanunua. Hapa yaliazimwa tu wakati wa mafuriko. Sasa bosi amepata kandarasi. Kuna jeshi huko ng'ambo ya mpaka linajengwa upya, wanajeshi wanalala nje. Wanataka mahema mazima. Mabovu hawachukui."

Gumato alilitazama hema la Darmi. Mbuzi mmoja alikuwa ametoa kichwa tunduni, anatafuna.

Akamgeukia Kotile. "Ulijua?"

Kotile alikuwa akitazama viatu vyake. "Mama Muna, ningewaambia, mngeshona?"

Gumato aliingia hemani, akamfunika Muna kwa leso, akamtoa nje na mtoto, akawaketisha kwenye kivuli cha lori, maana kivuli kingine hakikuwapo. Kisha akachukua wembe, akapiga goti kando ya turubai lililokuwa limeshaangushwa, akaanza kukata mishono yake. Mmoja mmoja, bila haraka.

"Mama, hiyo ni mali ya watu!" Kotile alifoka.

"Turubai ni la watu. Siligusi. Mimi nachukua uzi wangu."

Viraka vilifunguka. Matundu ya panya yakarudi.

"Tahir, mzuie! Litakataliwa!"

Tahir alipiga miayo. "Mwache, mzee. Lina alama tayari. Kule anayepokea hafunui, anahesabu marundo tu. Pakieni."

Wembe ulisita. Gumato aliwatazama wale vijana wakilikunja hema lililochanika kwa uangalifu uleule waliokunjia mazima, wakalirusha juu ya mengine yaliyong'olewa kambini. Alidhani amewanyima kitu. Kumbe huko atanyeshewa mtoto wa mtu mwingine, aliyevalishwa gwanda, na aliyempelekea tundu hilo ni yeye.

Darmi alikuwa akiwafukuza mbuzi wake hemani kwa fimbo, anafagia kwa mikono, analia bila sauti. "Muna, njoo mwanangu. Ngoja kidogo tu, nitandike."

Dereva aliwasha injini. Lori likasogea, na kivuli kikasogea nalo, kikampita mtoto usoni. Akafumba macho, akaanza kulia.

Gumato akaja kusimama upande wa jua.