Kipande cha Chuma cha Peilin

Kitu ambacho sijakifungua sikiamini. Mama anasema tabia hiyo ndiyo iliyonizeesha bila mume, na huenda ni kweli, lakini ndiyo iliyonilisha miaka kumi na tisa hapa Huaqiangbei, soko la vifaa vya elektroniki la Shenzhen, kwenye kaunta yangu ya mita moja na nusu, ghorofa ya tatu, kati ya mzee Gong anayeuza chaja na ngazi ya umeme ambayo haijapanda tangu mwaka juzi.

Kila Jumamosi mchana nawasha simu mbili, moja inaangalia uso wangu na nyingine mikono, nafungua mashine moja mbele ya watu. Sikati picha hata nikipiga chafya. Watazamaji wangu elfu arobaini wameniita Shangazi Bisibisi, na jina limeshika. Nimewahi kufungua pawa benki nikakuta betri moja ndogo na mchanga uliofungwa kwenye nailoni, ili mnunuzi asikie uzito mkononi. Nimefungua spika nikakuta nusu tofali. Mwenye mali akilalamika namwambia alalamikie tofali lake.

Sasa mdogo wangu Peilin, kitinda mimba wa mama, aliacha kazi nzuri ya uhandisi akaenda kutengeneza kompyuta ya kiganjani ya kuchezea gemu. Ni kompyuta kamili, kioo katikati, vitufe huku na huku, unaishika kwa mikono miwili ukiwa umelala chali kitandani. Na fedha za kuitengenezea aliziomba kwa watu mtandaoni. Unaweka picha, unaweka video, unaandika tarehe, halafu mtu wa Perth au Hamburg ambaye hajakuona hata sikio anakutumia pesa ya kitu ambacho hakijazaliwa. Watu elfu mbili na mia nne walimtumia, naye akawaahidi mashine mwezi Machi.

Michango ya namna hiyo mimi naijua kutoka upande wa jikoni. Najua mashine iliyoahidiwa Desemba ikafika Desemba ya pili. Najua iliyofika ikipata moto hadi ukahitaji glavu. Najua na ile ambayo haikufika kabisa, mwenyewe akaonekana kisiwani Hainan akiota jua. Nilimwambia Peilin waziwazi kwamba anawauzia watu mbuzi kwenye gunia. Akanijibu kwamba mbuzi yupo, anakua, nisubiri.

Alipokuwa bado anakuza mbuzi wake, kampuni moja kubwa ya ng'ambo ikatangaza kompyuta kama hiyo kwa bei ya chini. Hazikupita wiki mbili, wengine watatu wa hapa hapa Shenzhen wakajitokeza, kila mmoja akiapa kwamba yake ni nyepesi kuliko zote na ina kasi kuliko zote. Waliomchangia Peilin wakaanza kutapatapa. Mtu mmoja akaandika kwamba mashine ya Peilin ni ganda tupu, kwamba kwenye ile video kulikuwa na kompyuta nyingine imefichwa chini ya meza na waya umepitishwa kwenye mkono wa shati. Maneno hayo yalienea ndani ya siku mbili. Hata mzee Gong alikuja kuegemea kaunta yangu akaniuliza kama siku hizi maganda nayo yanachangiwa, maana yeye anayo mengi nyumbani, ya karanga.

Ndipo Peilin akaja akaniomba niifungue mimi, Jumamosi, moja kwa moja mbele ya watu wote. Nikakubali bila kufikiri. Nilikuwa na hamu ya kumfunga Gong mdomo.

Jumanne nilimpelekea ofisini kwake supu ya nyama ya kwetu Shantou. Nilifika saa saba na nusu mchana, vijana wake wote wamelalia meza zao kwa usingizi wa mchana, kama ilivyo ofisi yoyote ya hapa saa hiyo, na Peilin mwenyewe alikuwa ameenda kiwandani. Kwenye meza ya chai, pembeni ya birika, mashine ilikuwa imewekwa. Niliinyanyua. Uzito ulikuwa sawa kabisa na ule ulioandikwa kwenye tangazo. Nikaiwasha, haikuwaka. Nikafikiri chaji imeisha. Mikono yangu haikuniomba ruhusa, na bisibisi iko mfukoni mwangu siku zote, kwa hiyo kabla ya supu kupoa skrubu sita zilikuwa zimepangwa juu ya leso yangu.

Ndani mlikuwa na kipande cha chuma. Kimekatwa vizuri, kimegundishwa kwa gundi nyeupe, na kando yake donge la udongo wa kuchezea watoto ili uzito ugawanyike kushoto na kulia. Hakukuwa na bodi wala betri. Kioo chenyewe kilikuwa plastiki nyeusi.

Ni ule ule mchanga wa pawa benki, safari hii umefungwa na mtoto niliyemfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kushika kalamu. Nikakirudisha kila kitu mahali pake, nikakaza skrubu zote, nikaacha supu, nikateremka kwa ngazi za miguu ghorofa kumi na moja kwa sababu sikutaka mtu wa kwenye lifti anione nilivyo.

Mtu atauliza kwa nini sikumpigia simu nikamuuliza. Nilishika simu mara nyingi. Nilichoogopa nitakisema mbele.

Ningeweza kuugua. Kuugua ni kazi rahisi, unaandika tu kwamba unaumwa. Lakini miaka minane nyuma binamu yangu aliniletea betri za simu niziuze, nikaziuza bila kuzifungua kwa sababu ni binamu, na moja ikavimba usiku ikaunguza pazia na mkono wa msichana wa watu. Msichana yule hakunishitaki. Alikuja akaniuliza tu, kwa upole, kama nilikuwa najua. Tangu siku ile simdhamini mtu, awe wa damu au wa maji.

Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Nikionyesha chuma, nimemzika mdogo wangu kwa mikono yangu, na mama atakuwa anaangalia. Nikikificha, watu elfu mbili na mia nne wameliwa, na mimi nimesaidia kuwashika miguu.

Alhamisi nilimpigia nikamwambia atafute mtu mwingine, mfunguaji asiye ndugu, watu watamwamini zaidi. Akasema hapana, anataka niwe mimi, na nije na bisibisi zangu mwenyewe ili mtu asiseme za kwake zimefanyiwa ujanja. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililonitisha, maana nilijiambia amekuwa tapeli kiasi kwamba hata haya hana tena.

Jumamosi nilifika ofisini. Simu mbili zilikuwa zimeshasimamishwa na watazamaji walikuwa wamepita elfu sitini, wengi wageni waliokuja kuona matanga. Kabla hatujawasha sauti nilimwinamia.

"Peilin, nikikuta chuma nitaonyesha chuma."

"Onyesha utakachokuta, dada. Ndiyo maana nimekuita."

Akafungua begi lake akatoa mashine. Nikaishika: uzito ule ule. Akabonyeza kitufe, ikawaka, na mchezo wa magari ukaanza. Watu kwenye mtandao wakashangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu najua picha inaweza kurushwa kwa intaneti kutoka kwenye kompyuta ya chumba cha pili. Nikamwambia azime mtandao wa ofisi nzima, hapo hapo, watu waone, na simu zangu zikaendelea kurusha kwa laini zake zenyewe. Akazima. Magari yakaendelea kukimbia. Nikakunja mikono ya shati langu na nikamtaka akunje ya kwake. Nikaitoa mashine mezani nikaizungusha hewani. Hakukuwa na waya. Magari yakaendelea kukimbia, na feni ikawa inavuma taratibu.

Bado sikuamini. Niliizima, nikaigeuza mgongo juu, nikaanza na skrubu ya kwanza. Skrubu ya pili ilinidondoka, na mtu mmoja akaandika kwamba Shangazi leo hajala. Peilin akaiokota akaiweka kwenye leso.

Mgongo ulipoachia, niliona bodi.

Ilikuwa bodi ya kijani, safi, imelehemiwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Bomba la shaba la kutolea joto limekunjwa kuifuata feni. Betri mbili bapa. Nikaweka kidole juu ya bomba, lilikuwa bado na uvuguvugu, na uvuguvugu huo ulinipanda mkononi hadi kifuani. Ilibidi nikae. Niliwaambia watu kwamba meza ni fupi, nitafanya kazi nikiwa nimekaa.

Sijui kama kuna furaha inayozidi ile ya kukosea kuhusu mtu unayempenda. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na kwa kuwa nilikuwa laivu sikufanya hata kimoja, nikaanza kuikosoa. Nilisema betri zimegundishwa, kuzibadilisha itakuwa taabu. Nilisema waya bapa wa kitufe cha bega la kushoto unapita karibu mno na feni, utakwaruzwa, na ndani ya mwaka mmoja kitufe kitakufa. Peilin alichukua kalamu akaandika. Nilisema skrubu mbili za chini ni laini kama jibini, zitaliwa vichwa. Akaandika hilo nalo. Kadiri nilivyokosoa ndivyo nilivyozidi kupumua.

Mchangiaji mmoja wa Perth akauliza: je, wewe ungeinunua?

"Mashine ni ya kweli, nimeishika," nilisema. "Ganda tupu ni maneno ya waongo, na leo wameumbuka. Lakini ile tarehe ya Machi sijaifungua. Tarehe haina skrubu. Kama unayo subira, kaa. Kama huna, nunua iliyopo dukani."

Peilin alikuwa kando yangu. Kalamu yake ilisimama.

Tulipozima simu, vijana wake walipiga makofi wakaenda kula. Tulibaki wawili. Akasuuza vikombe vitatu vidogo kwa maji ya moto, kama baba alivyokuwa akifanya kwa desturi ya kwetu, ingawa tulikuwa wawili tu, akamimina chai kali. Ile mashine ya chuma ilikuwa pale pale pembeni ya birika. Akaigonga kwa ukucha.

"Hii uliifungua Jumanne."

Sikukana. Nilimuuliza amejuaje, na nani aliniona.

"Hakuna aliyekuona, walikuwa wamelala. Ila hii tunaiweka hapa kwa ajili ya wageni. Wauza vipuri wanakuja, watu wa kiwanda wanakuja, kila mmoja anataka kuishika asikie uzito, na nusu yao wanatumwa na washindani waipige picha ndani. Mwizi akiiba, anaiba chuma. Kila mtengenezaji hapa mjini anayo yake."

"Mbona mimi sijui?"

"Wewe unajua hila za wauzaji. Hii ni hila ya watengenezaji." Akaanza kutabasamu. "Na skrubu zilikuwa zimelegea tangu tuilete. Jumanne jioni nikakuta zote sita zimekazwa. Mwizi gani anafunga alichofungua? Tena umezikaza vizuri kuliko sisi."

Nilitamani meza inifunike. Nikamshambulia kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda: kwa nini asiniambie mapema, siku nne nimekonda bure, nimekunywa dawa za tumbo.

"Ningekuambia vipi? Mdomo wako una watazamaji elfu arobaini. Ukisema chuma, washindani wote wanajua cha mezani si chenyewe." Kisha tabasamu likamtoka. "Lakini baada ya Jumanne nilikuwa nangoja uniulize. Ulipopiga Alhamisi nilijua sasa utaniuliza. Ukaniambia nitafute mtu mwingine. Dada, nilidhani leo hutakuja. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikaangalia chai. Hiki ndicho nilichosema nitakisema mbele.

"Kwa sababu ungeniambia ni ya kweli, na mimi ningekuamini. Hata kama ni uongo ningekuamini. Nikianza kukuamini wewe sitaweza kufungua kitu tena."

Alinijazia kikombe hadi chai ikamwagika mezani, ndipo nikafahamu kwamba siku nne hizo tulikuwa tumeogopa wote wawili, kila mtu nyumbani kwake.

Nikaona nijaribu. Lilikuwa jambo gumu kuliko skrubu zilizoliwa vichwa.

"Basi nakuuliza. Machi mtaweza?"

Aliangalia dirisha, akaangalia vikombe.

"Hapana," akasema. "Vioo vimechelewa. Mei. Labda mwisho wa Mei. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia."

Nikamwamini. Nilimwamini palepale, na mzigo uliokuwa umenikaa mabegani tangu Jumanne ukashuka. Nikamwambia asitafute namna, awaandikie leo kabla ya jioni, kwa maneno hayo hayo. Wengine watadai pesa zao, awarudishie. Akavuta kompyuta yake karibu akaanza kuandika, na kila alipomaliza sentensi alinisomea, nami nikawa nakunywa chai na kuitikia.