Foronya za Kikosi

Mitumba ilipomwagwa sokoni Bunda, fundi Abdulkadiri alibaki na kazi ya kupunguza suruali za kafa ulaya. Nani atasubiri shati wiki mbili wakati la tayari linaokotwa chini, tena lina maandishi ya Kizungu mgongoni? Cherehani yake ya barazani ikawa meza ya kuwekea vikombe, na mkewe Fatu, ambaye mtaa mzima ulimwita mama Hamduni, akailisha nyumba kwa vitumbua.

Ndiyo maana mwaka ule wa tisini na mbili, bwana Leodgar alipokuja na majora mawili ya kaki, fundi hakuuliza mengi. Leodgar alikuwa mkuu wa Kikosi Maalumu cha Kubaini Wageni Wasio na Vibali. Jina refu, ofisi Musoma, kazi yenyewe kuwasaka waliovuka kutoka Kenya bila karatasi. Alitaka vifuniko thelathini vya kichwa, vishuke hadi mabegani, vyenye matundu mawili ya macho na mdomo usiwepo.

"Sasa watapumuaje, mzee?" fundi aliuliza.

"Watazoea. Ni kwa usalama wao, raia wasiwajue."

Basi maofisa wasiotakiwa kujulikana wakaletwa barazani mchana kweupe, mmoja mmoja, wakapimwa vichwa. Abdulkadiri alikuwa fundi wa kizamani, hakati kitambaa bila jina na kipimo daftarini. Pastory, inchi ishirini na mbili. Robi, ishirini na mbili na nusu. Wakaandikwa wote thelathini, huku Fatu akiwauzia vitumbua na kuwauliza mama zao hawajambo. Siri kubwa ya kikosi ikawa inajulikana na fundi, mkewe, na kila aliyepita kununua kitumbua. Watoto wa mtaa waliona vile vitu vikining'inia kwenye kamba, wakavipa jina la foronya.

Siku tisa baadaye akaja Magige. Huyu alikuwa mtu wa stendi, mashuhuri kwa kuwapokea wasafiri mizigo yao na kutoonekana tena. Alitaka foronya moja kama zile, akasema ni ya kurinia asali.

"Mizinga yako iko wapi?"

"Butiama, kwa mjomba."

Fundi alicheka, akamzungushia futi. Inchi ishirini na nne na nusu, kichwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvipima. Mimi simtetei. Alijua kabisa kwamba Magige na nyuki hawajawahi kukutana, na bado akashona, akapokea chake, akaandika jina la thelathini na moja.

Haukuisha mwezi, mji ukawa na foronya za aina mbili. Za kikosi zilikuja na lori, na ukikosa karatasi unapakiwa, unakwenda kumwagwa Sirari mpakani. Za kina Magige, maana wenzake wa stendi walishaiga ya kwake, zilikuja kwa miguu, zikasema maneno yaleyale, "Fungua, kikosi," zikabeba redio na kwenda zao. Watu walifungua, watafanyaje? Kumnyima ofisa mlango ni kosa, kumfungulia mwizi ni ujinga, na kabla ya kufungua hakuna aliyeweza kujua amesimama nani. Kwenye mkutano wa kata mwalimu Pelagia aliinuka akauliza raia wawatofautishe vipi. Leodgar akajibu kwamba ofisa halali anajulikana kwa nidhamu yake. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Toka siku hiyo mtu akisikia hodi, alimwomba Mungu wawe wezi, maana redio hununuliwa nyingine.

Fatu yeye hakucheka. Alizaliwa Kisumu, akaletwa Bunda mgongoni mwa mama yake kabla hajaota jino. Miaka arobaini na moja alikuwa amekula sato wa ziwa hili, ameolewa hapa, amezaa na kuzika hapa, na hakuna karatasi hata moja iliyosema hivyo. Ikawa kila hodi anashika kifua.

"Nitajuaje ni wepi, baba Hamduni?"

"Mimi nitajua. Vichwa vyote nimevipima. Akija mwizi tunampa redio. Wakija wa kikosi, wewe pita mlango wa uani, nenda hapo jirani kwa kina Miriamu, usiangalie nyuma."

Fatu alimwamini, na tangu hapo akaanza kupata usingizi.

Walikuja Alhamisi baada ya alasiri, watatu, na lori halikuonekana. Fatu alikuwa ameshaufikia mlango wa uani. Abdulkadiri akamtazama yule wa mbele, akaona mshono umevutwa masikioni hadi uzi unataka kukatika, akajua kile ni kichwa cha nani, asijiulize kwa nini foronya aliyomkatia kwa kipimo sasa inambana. Moyo wake ukatulia. Tena akajiona mjanja, ndilo lililomponza.

"Karibu, Magige," akasema. "Nyuki hawajambo huko Butiama?" Akageuka akaita kwa sauti, "Rudi, mama Hamduni. Ni Magige tu."

Fatu akarudi. Fundi mwenyewe akaishusha redio kabatini, akaifuta vumbi, akamkabidhi. Magige akaipokea, akaiweka kwapani. Kisha akatoa mfukoni barua yenye muhuri wa kikosi, akaifungua mbele ya macho ya fundi. Alikuwa ameajiriwa Jumatatu.

"Kikosi kilikuwa na upungufu wa watu wenye uzoefu," Magige alisema ndani ya kaki. "Mama, karatasi yako iko wapi?"

Lori lilikuwa nyuma ya msikiti. Fatu alipopelekwa huko alimtazama mumewe mara moja tu. Abdulkadiri alisimama barazani mpaka mlio wa lori ukapotea.

Asubuhi ya pili alikuwa Musoma, dirishani, daftari lake kwapani. Karani alimvutia fomu ya malalamiko.

"Jina la ofisa?"

"Magige."

"Ulimwona uso?"

"Uso ulifunikwa."

"Basi hukumwona. Hapa panatakiwa sura."

"Foronya ile nilishona mimi, ndugu yangu. Nawajua wote." Akalifungua daftari juu ya kaunta, majina na inchi, mstari kwa mstari.

Karani aliyekuwa hana muda akaacha kalamu. Dakika tano hazikupita fundi akawa ofisini kwa Leodgar, na chai ya maziwa mbele yake. Leodgar aliyasoma majina, akakuta na lake mwenyewe, inchi ishirini na tatu.

"Fundi, kitu hiki ni cha hatari sana kwa usalama."

"Mke wangu yuko Sirari, mzee."

"Wenzetu wa upande wa pili wamemkataa, wanasema si wao. Yuko pale katikati tu." Akalifunga daftari na kuliwekea kiganja. "Hili likibaki hapa, kesho anarudi na gari yetu."

Abdulkadiri hakufikiri hata kidogo, akaliacha. Leodgar akamsindikiza hadi mlangoni, akamsifu kwa uzalendo. Kuhusu redio, alisema bado iko kwenye uchunguzi.

Fatu alirudi Jumamosi asubuhi, miguu imevimba, kanga inanuka dizeli. Alikunywa uji wote kwanza.

"Uliniambia nirudi," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeshashika komeo."

"Najua, mama Hamduni. Nisamehe." Fundi alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Fatu alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Daftari liko wapi?"

"Nimewapa."

Fatu akatikisa kichwa, akajifunga kanga nyingine, akatoka akichechemea. Abdulkadiri akamfuata bila kuuliza.

Alikwenda moja kwa moja kwa Nyangi, mama yake Magige, aliyekuwa anaanika udaga wa muhogo uani. Akaketi kwenye kigoda, akamsimulia habari nzima toka hodi mpaka Sirari. Hakumtukana mtu. Nyangi aliendelea kutandaza udaga, mara mikono ikasimama.

"Magige wangu alikuambia umwonyeshe karatasi? Wewe uliyekuwaga unamlisha vitumbua?"

"Ndiyo, mama Magige."

"Mbona mimi nilitokaga Kehancha, ng'ambo kule kule Kenya? Nililetwa na mkeka na mbuzi wawili. Karatasi gani?"

Nyangi alijipangusa mikono taratibu kwenye kanga yake.

Mchana Magige akaja kula, kama kila siku. Foronya ilikuwa imechomoza mfukoni mwa suruali. Alipowaona wageni waliokaa uani alipunguza mwendo, kisha akajikaza akaelekea mlangoni. Nyangi alikuwa ameshasimama kizingitini.

"Wewe nani?" mama alimwuliza.

"Mama, ni mimi."

"Karatasi."

"Karatasi gani tena? Ni mimi Magige."

"Magige nilimzaa. Uso wake naujua."

"Si huu hapa, mama."

Nyangi alimwangalia polepole, toka juu hadi chini, tena toka chini hadi juu. "Huo ni wa kikosi," akasema, akaingia ndani, akafunga, na komeo likasikika hadi uani.

Magige alibaki juani, mikono haijui iende wapi. Fatu akainuka kwa shida, akamshika mumewe bega, akamwuliza kama anakumbuka mama yake Pastory, yule wa kwanza daftarini, anakaa nyumba ipi. Fundi alikumbuka.