Safu ya Shadraki

Siku Bibi Benedicta alipotufundisha kubebesha miche, yaani kupachika kijiti cha mti mzazi kwenye shina changa, mimi nilikuwa nimekaa pembeni natunga shairi la kuzindulia shamba. Nilimsikia kwa sikio moja. Shamba lenyewe ni la matunda, la misheni ya zamani, juu ya Igowole. Lilikuwa limegeuka pori, nasi watu wa kujitolea tulikuwa tunalifufua kila Jumamosi kwa mapanga na majembe.

"Anord, umeelewa?" Bibi aliniuliza.

"Bibi, mikono hii inapasua magogo Mafinga. Kijiti ndiyo kinishinde?"

Watu wakacheka, nami nikakipenda kicheko kile. Nikapewa vijiti kumi na viwili vya mpeasi mkongwe kuliko yote, uliobaki mmoja tu wa aina yake. Nikavichonga ncha zote mbili kwa sababu zilipendeza, nikavipachika kwenye mashina machanga na kuvifunga kwa nailoni. Nilimaliza kabla ya wote.

Mwezi wa nane upepo ukaung'oa mpeasi ule. Tukafarijiana kwamba watoto wake wapo.

Mwezi wa tisa miche ya wenzangu ikachipua. Yangu yote kumi na miwili ikakauka. Safu ile ilikuwa inamwagiliwa na Shadraki, aliyehamia kwetu kutoka Usangu, ambako wazazi wake walifika na ng'ombe wakitokea kaskazini. Kila asubuhi alipandisha ndoo mbili kutoka bondeni.

"Labda uliruka siku mbili tatu," mwenyekiti wetu Edmund alimwambia.

"Sijaruka hata moja, mwenyekiti."

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu:

*Mti si ndama, Shadraki, hauchungwi kwa bakora;*
*Ng'ombe wanywa, hushituki, mipeasi yadorora.*

Watu walishika mbavu. Mwenzetu Bartolomeo aliniomba nirudie, nikarudia kwa sauti ya juu zaidi. Kesho yake watoto waliuimba ubeti huo njiani wakitoka kanisani. Shadraki alikuwa ameziweka ndoo chini na kuondoka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Siku hiyo Bibi Benedicta aliniita safuni. Alifungua nailoni ya mche mmoja, akanionyesha kijiti kilichokauka. Vile vijicho ambamo majani hutokea vilikuwa vinatazama ardhini. Akafungua wa pili. Akafungua wa tatu.

"Umevichonga ncha mbili, ukavipachika kichwa chini, mwanangu. Hata ungevimwagilia ziwa zima."

"Watu wamejua?"

"Mimi nimejua sasa hivi. Wewe utawaambia au nikuambie cha kufanya kama mtoto?"

Uso uliniwaka. Jambo la kwanza lililonijia, nakiri, halikuwa Shadraki wala mpeasi. Nilijiuliza Bartolomeo atanicheka namna gani.

Jioni nilikwenda kwa Shadraki. Nilimkuta mkewe, Kulwa, anapukuchua mahindi nyuma ya nyumba. Nilipotaja jina langu akaacha.

"Kumbe mshairi ndiye wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nilikuwa nimelitamani neno hilo tangu nilipoanza kuhesabu mizani kwa vidole, bila mwalimu. Nikamuuliza kama mumewe yupo.

Shadraki alitoka. Nikamwambia yote: vijiti, ncha, kichwa chini. "Kaka, kosa ni langu. Nisamehe."

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulinitukana wapi?"

"Shambani."

"Mbele ya nani?"

"Watu wote."

"Na msamaha unauleta huku, wausikie kuku." Akamgeukia mkewe. "Mama, mpe mgeni maji anywe, aende."

Nilikunywa. Nikamaliza kikombe kwa kuwa Kulwa alisimama akinisubiri.

Wiki ile sikutunga kitu. Nilijaribu kuandika maneno ya kusema, lakini kila mstari ulitaka kina, na kila kina kilinipendezesha mimi. Nikachana karatasi.

Jumamosi watu walipokusanyika kugawana kazi, nilimwomba Edmund nafasi. Shadraki alikuwa amekuja. Bibi alikuwa amemfuata mwenyewe nyumbani kwake. Shadraki alisimama nyuma kabisa, mikono mifukoni, na Kulwa kando yake.

Nikapanda juu ya kisiki. Wakaanza kupiga makofi.

"Miche niliiua mimi," nikasema.

Wakacheka, wakidhani ni mwanzo wa shairi. Bartolomeo akaitikia, "Eeh! Tupe wa pili!"

Nikasubiri wanyamaze, nikarudia: "Miche niliiua mimi. Shadraki hakuruka hata siku moja."