Mia Iliyoandikwa Sakafuni

Kila siku saa tisa na robo, wanafunzi wakishatoka, mfagizi aliingia chumba cha Kilatini na fagio, kizoleo na ndoo mbili, akafunga dirisha kwanza. Maneno ya chumba kile hayakukaa ubaoni. Yalianguka yenyewe, ya Kiingereza kushoto, ya Kilatini kulia, kama mwalimu alivyoyaandika kuyalinganisha, na dirisha likiwa wazi yalipeperuka. Mfagizi aliyemtangulia alimwambia neno moja tu: "Ndoo usichanganye."

Miaka kumi na mmoja ya kuzoa ilimfundisha. Ya Kiingereza ukiyamwaga yalijipanga foleni kama watu bombani, na ukilitoa la mbele ukaliweka nyuma, mambo yameharibika: badala ya binti kupenda bustani, bustani inampenda binti. Ya Kilatini hayakuwa na shida hiyo, kila moja lilivaa mkia wake. Hortum hata ulitupe mlangoni, mkia unasema ndiyo bustani inayopendwa. Puella, yule binti, akae atakapo, apendaye ni yeye. Siku alipoling'amua hilo alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma. Tangu hapo akatamani kitu kimoja: afanye mtihani, apewe alama kama watu.

"Mama, fomu inadai cheti cha sekondari," mkuu wa shule alimwambia. "Wewe una cha msingi. Ila kwa sakafu, hapo sina la kusema."

Siku ya mtihani karatasi zilikwisha kusanywa mkuu aliposikia joto, akafungua dirisha. Upepo ukazikung'uta. Majibu ya watahiniwa kumi na wanane yakamwagika chini. Msahihishaji, mama mgeni mwenye miwani ya kamba, aliinua miguu asiyakanyage, akauliza nani anahusika na sakafu.

Mfagizi akapiga magoti, akarudisha neno mojamoja kwenye karatasi yake, kwa miandiko aliyokwisha kuizoea.

"Hapo umekosea, mama," msahihishaji alisema. "Mkia si huo."

"Si mimi, mwanangu. Huo ni wa Twiga, yule mrefu. Tangu muhula wa kwanza anabandika huohuo. Nikimrekebishia, nitakuwa nimemfanyia mtihani."

Alipomaliza, kwenye ndoo ya Kilatini yalibaki maneno tisa ya ubao wa jana. Akayapanga sakafuni yakawa sentensi yake mwenyewe, ya bibi mmoja aliyefundishwa na sakafu. Msahihishaji aliisoma kutoka mwanzo, akaisoma kutoka mwisho, kisha akachukua chaki akaandika pembeni yake: 100.

"Umesoma wapi?"

"Hapahapa chini."

Mkuu naye aliinama akasoma. "Mia ya haki kabisa, mama. Tatizo, fomu haina nafasi yako. Saa nane chumba kiwe kimepigwa deki."

Saa nane kilikuwa kimepigwa deki. Kabla ya kulowesha, aliitelezesha ile mia kwenye kizoleo, polepole, sufuri zisipinduke, akaitia mfuko wa aproni.

Nyumbani mumewe, fundi saa, alivaa kioo chake cha jicho.

"Mia kwa ngapi?"

"Kwa mia, we mwanamume!"

Wakaibandika ukutani, usawa wa macho. Majirani wakaja kuitazama, wakakaa mpaka chai ikaisha, ikachemshwa nyingine.

Fomu za mwaka uliofuata zilikuja na swali lilelile la cheti. Mfagizi ndiye aliyezipanga mezani, moja kila kiti, akiimba mikia yote kwa sauti.