Mizani ya Uwanja wa Nyasi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla umande haujakauka, watu wa kujitolea walifika uwanja wa ndege na vifaa vyao. Mwenye fyekeo alikata nyasi za njia ya kurukia. Mwenye ndoo ya chokaa alipaka mawe ya pembeni, akirudia yale ambayo mbuzi walikuwa wamejikunia. Mama mmoja, fundi cherehani, alishusha soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, kutoka kwenye mlingoti, akakagua mishono, akatia kiraka, akaipandisha tena. Kwa kazi hiyo aliitwa Mama Soksi, na hata wateja waliomletea sare za shule walimwita hivyo bila kucheka.

Ndege ya mwisho kutua pale ilivunjika gurudumu, na wenyewe hawakurudi kuichukua. Barabara ya lami ilijengwa ng'ambo ya mto, hospitali ilikuwa huko huko ng'ambo, na uwanja ukabaki wa mbuzi. Lakini uwanja ule ulitengenezwa na wanakijiji wenyewe. Walichimba visiki kwa majembe, kisha wanawake wakapanga mistari na kushindilia udongo kwa nyayo, wakiimba, msimu mzima. Wajukuu wao waliona kwamba ardhi iliyoshindiliwa kwa nyayo za bibi zao haiwezi kuachiwa mbuzi. Ndipo wakaanza kazi ya kila Jumamosi, na hakuna aliyewatuma.

Mali waliyoitunza haikuwa nyingi: kibanda cha mabati walimokaa abiria, mizani ya kupimia watu iliyokuwa ndani yake, na ndege yenyewe. Ilikuwa ndege ndogo, ya mabawa ya kitambaa kilichopakwa rangi ya fedha. Injini yake iliibwa zamani. Pangaboi lake la mbele lilikuwa benchi nje ya ofisi ya serikali, na watu wenye shida walilikalia wakisubiri kuitwa. Katika tundu la injini, kuku wa jirani alitaga.

Fundi baiskeli, aliyeitwa Spoki, alitengeneza gurudumu. Mama Soksi alishona kitambaa kipya cha mabawa, kipande kwa kipande, muda wote wa mvua. Jumamosi aliyofunga fundo la mwisho na kukata uzi kwa meno, ndege iliinuka.

Haikupaa. Iliinuka tu hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, ikatulia hapo, ikitikisika kidogo kama ndama aliyesikia sauti ya mama yake. Spoki alipitisha fyekeo chini ya magurudumu, likatokea upande wa pili.

"Imeinuka," alisema.

"Naona," alisema Mama Soksi. "Leteni kamba."

"Na kuku?"

"Kuku atashuka mwenyewe. Yeye naye ana mabawa."

Waliifunga kwenye vigingi pande nne. Kisha wakakaa kwenye nyasi kuitazama, na kwa muda hakuna aliyeshika kazi. Jua lilipita chini ya ndege na kuangaza nyasi ambazo hazijaona jua miaka mingi, nyeupe kama nywele za mzee. Mwenye ndoo ya chokaa alivua kofia. Alipoulizwa kwa nini, alisema kichwa kilikuwa kinamwasha.

Walijaribu kuishusha kwa uzito. Walipakia mifuko ya mchanga hadi mlangoni. Spoki akapanda juu ya mifuko na kukaa. Ndege haikushuka hata upana wa kidole.

"Panda na wewe, Mzee Karani," Spoki aliita. "Labda inataka msomi."

Mzee Karani alikuwa mle kibandani, akipaka mizani mafuta. Enzi za ndege yeye ndiye aliyekuwa karani wa mizani, na hadi leo alikuja Jumamosi amevaa tai. Ndege ndogo haitaki mchezo na uzito. Kila abiria alisimama juu ya bamba pamoja na mzigo wake, awe bwana harusi au hakimu, Karani akasoma mshale, akajumlisha, kisha akatoka mlangoni na kumwambia rubani neno moja: bado, au imejaa. Rubani hakuwasha injini bila neno la Karani.

Mizani ile ilikuwa na tatizo. Hakukuwa na kitu juu yake, lakini mshale ulisimama kwenye kilo sitini na tatu. Spoki alikuwa ameifungua, akasafisha springi, akalegeza skrubu, akaikaza. Mshale ulirudi kwenye sifuri, ukakaa kama mgeni asiyekaribishwa kiti, kisha ukatembea taratibu hadi sitini na tatu.

"Imekufa hii," Spoki alisema.

"Haijafa," Karani alisema. "Ina mtu juu yake."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Kijiji kizima kilijua. Mama yake Mama Soksi aliletwa uwanjani asubuhi moja akiwa na uchungu wa kuzaa, mtoto amekaa vibaya, mkunga ameinua mikono. Karani alimpima: kilo sitini na tatu. Lakini siku hiyo kulikuwa na bwana mkubwa wa serikali aliyehamishwa, naye alikuwa anahama na hodhi lake la kuogea, la chuma, lenye miguu minne kama ya simba. Hodhi lilikuwa limeshapimwa na kupakiwa. Bwana mkubwa alisema hawezi kuliacha, kwani huko aendako hayauzwi. Karani alijumlisha, akatoka mlangoni, akamwambia rubani imejaa. Mume na shemeji zake walimrudisha yule mama kwenye kitanda cha kamba, wakakibeba mabegani kuelekea mtoni. Mama alifia kwenye kivuko. Mtoto alipona, akakua, akajifunza cherehani.

Karani na Mama Soksi hawakuwahi kuzungumza habari hiyo. Walisalimiana kila Jumamosi, akamwita binti yangu, naye akamwita baba, wakafanya kazi.

Afisa wa mambo ya kale alikuja kukagua. Aliizunguka ndege, akainama, akatazama nafasi kati ya magurudumu na ardhi, akasema kamba zile ni za katani na kanuni zinataka za nailoni. Alikuwa amekuja na kibao kilichokwisha kuandikwa: NDEGE HII ILIWAHUDUMIA WANANCHI WOTE.

"Hilo neno la mwisho halikai sawa," Mama Soksi alisema.

"Mama, rangi imeshakauka."

Wakakipigilia misumari.

Ilikuwa Jumamosi iliyofuata ndipo Mama Soksi aliposimama muda mrefu kati ya kibanda na ndege, akitazama huku, akitazama kule, kama anayepima kitambaa kwa macho. Kisha akasema, "Itoeni mizani. Ipakieni."

"Mchanga wote ule umeshindwa, Mama," Spoki alisema, "itakuwa chuma hiki?"

"Nimesema ipakieni, Spoki wee. Taratibu. Msiitikise."

Wanaume wanne waliibeba, na walikiri baadaye kwamba ilikuwa nzito zaidi ya chuma chake. Karani alitembea nyuma yao, amenyoosha tai. Waliiweka pale palipokuwa na kiti cha abiria, na Mama Soksi akatandika kanga yake juu ya bamba.

Ndege ikashuka. Magurudumu yaligusa nyasi bila kishindo, na ikasimama wima, imetulia, kama mtu aliyepata alichokuwa akitafuta mifukoni. Soksi ya upepo, iliyokuwa imelala, ikajaa upepo ikaelekea mtoni.

"Fungueni kamba," alisema Mama Soksi.

Ndege iligeuka yenyewe kuukabili uwanja. Kuku alishuka. Karani alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, mahali pake pa siku zote, na ndege haikuondoka. Ilimsubiri. Watu wote walimtazama.

"Bado," alisema, na sauti yake haikutoka vizuri. Akarudia. "Bado haijajaa. Nenda."

Ikaenda. Haikuwa na injini, kwa hiyo hakukuwa na sauti isipokuwa ya magurudumu kwenye nyasi, kisha hata hiyo ikakoma. Mabawa ya Mama Soksi yalijaa hewa, na kila mtu aliona mishono yake ikipita juu ya vichwa, midogo, sawasawa, haijaachia hata mmoja. Kivuli kilipita juu ya mawe meupe na juu ya nyuso zao, na waliopitiwa nacho walisema kilikuwa baridi na kilinukia nguo mpya. Wanawake wazee waliokuwa wakipita na kuni walizitua chini. Mmoja wao alianza kushindilia ardhi kwa nyayo, taratibu, bila kuimba, na wengine wakamfuata.

Ilivuka mto, ikaelekea hospitali, ikawa ndogo kama sindano. Kabla ya jua kuchwa ilirudi, ikatua, ikainuka hadi kiuno na kutulia. Mshale wa mizani ulikuwa kwenye sifuri. Mama Soksi aliuangalia, akaangalia pembeni, akajifuta uso kwa ukosi wa blauzi. Kanga haikuwemo. Wakairudisha mizani kibandani, wakafunga mlango.

Walipokwenda kesho yake kufungua kibanda, mshale ulikuwa kwenye sitini na tatu, na kanga ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya bamba.

Spoki alikuna kichwa. "Kumbe amerudi?"

"Labda hawakumpokea," alisema Karani. "Pengine walimuuliza kadi."

"Basi tutampeleka tena," alisema Mama Soksi.

Hivyo ikawa kazi ya Jumamosi: nyasi, chokaa, soksi, kisha kumpeleka mama. Watu walizoea. Waliopanda mahindi karibu na mto walipanga mapumziko yao kwa ndege, na ilipopita waliegemea majembe na kuitazama mpaka shingo ziume. Hakuna aliyesema ameichoka.

Mama Soksi alikuwa na binti mmoja, na binti alikuwa mjamzito. Uchungu ulimshika Jumamosi asubuhi, kabla ya wakati wake, akiwa uwanjani amemletea mama yake chai. Mkunga aliitwa. Alimpapasa, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Amekaa vibaya," alisema. "Huyu ni wa hospitali."

Wote waligeuka wakaitazama ndege. Mizani ilikuwa imeshapakiwa. Ndege ilikuwa imeshuka, imetulia, imeelekea mtoni.

"Mpandisheni," alisema Mama Soksi.

Walimketisha binti kando ya mizani. Magurudumu yakazama kwenye udongo ulioshindiliwa na bibi zao, hadi nusu, na ndege haikusogea. Wakaishusha mizani, wakamwacha binti peke yake. Ndege ikainuka hadi kiuno na kubaki hapo. Walifungua kamba, wakasukuma mkiani, Spoki akapiga kelele kama anayeswaga ng'ombe. Ilitikisika tu. Binti aliuma kanga. Wakarudisha mizani, na magurudumu yakazama tena.

Mzee Karani, mlangoni mwa kibanda, alifungua mdomo.

"Usiliseme hilo neno, baba," Mama Soksi alimwambia. "Nakuomba. Leo usiliseme."

Karani aliufunga mdomo. Akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaenda mwenyewe, kwa miguu yake ya uzee, kwenye nyumba ya karibu, akarudi na vijana wamebeba kitanda cha kamba.

Walimteremsha binti, wakamlaza, wakafunga shuka juu yake kuzuia jua. Mama Soksi alisimama kati ya kitanda na ndege. Mkono mmoja ulikuwa kwenye ubao wa kitanda, na mwingine ulikuwa kwenye bawa.

"Mama," binti aliita kutoka chini ya shuka. "Mwacheni bibi aende. Asikose safari kwa ajili yangu."

"Sitaki uwe na mawazo hayo sasa."

"Mimi nina watu wa kunibeba. Yeye ana nini?"

Mama Soksi alitoa mkono kwenye bawa. Karani aliinamisha kichwa kuielekea ndege, bila neno, nayo ikaelewa, ikaondoka. Vijana walikiinua kitanda mabegani, wakashika njia ya mtoni kwa mwendo wa haraka, wakibadilishana bila kusimama. Mama Soksi alikwenda ubavuni, na Spoki nyuma, akibeba chai.

Ndege iliwapita katikati ya mashamba. Kivuli chake kilikuja kutoka nyuma, kikapanda juu ya kitanda, kikakaa hapo. Wabebaji walisimama. Hawakuagizwa. Walikitua kitanda njiani, na Mama Soksi akafunua shuka ili binti aone.

Ilikuwa chini sana. Waliona nyuzi za mabawa. Waliona, kupitia mlango ambao haukuwahi kufungika vizuri, ncha ya kanga ikipepea. Mahali pengine pote ndani ya ndege palikuwa patupu, pana nafasi, jua limejaa humo kama maji.

"Anapendeza," binti alisema.

"Alikuwa mwembamba," alisema Mama Soksi. "Watu husema nimefanana naye."

Walitazama mpaka ndege ilipovuka mto, ambao wao walikuwa bado hawajaufikia. Kisha uchungu ukarudi, binti akashika mbao za kitanda kwa mikono yote miwili.

"Haya," alisema. "Nibebeni."

Wakambeba.